Kiwambo cha sauti cha kwanza: kisa cha mnunuzi mmoja wa Texas

Mnunuzi wa kisa hiki ni Mkenya aliyekwisha kupata uraia wa Marekani. Anaishi viungani mwa Fort Worth, Texas, na kazi yake ni ya zamu za usiku. Ana bastola moja tu, Glock 19 ya milimita 9, na kila apatapo nafasi huenda kulenga shabaha kwenye uwanja wa wazi au kwenye shamba la rafiki yake. Masikio yake yameanza kulia: mlio mwembamba usiokoma, unaomsumbua zaidi nyumba ikitulia mchana anapotaka kulala. Daktari alimweleza kwamba chembe za kusikia zikishakufa ndani ya sikio hazioti tena, na kwamba kazi iliyobaki ni kulinda zilizopo. Ndipo akaamua kutafuta kiwambo cha sauti, yaani bomba linalofungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza mlipuko.

Alinijia kwa sababu huwa nafundisha usalama wa silaha kwa watu wetu wanaoishi eneo hili. Kwa ruhusa yake nakieleza kisa chake, bila kutaja jina lake wala la duka lolote aliloingia. Swali alilokuja nalo ndilo analokuja nalo karibu kila mtu: "Mwalimu, ninunue kipi?" Nikamwambia hilo tuliweke pembeni kwanza. Tuanze na atakayemuuzia.

Sababu iko kwenye sheria. Bastola hapa Texas unaweza kuilipia na kuondoka nayo siku hiyo hiyo, ukishajaza fomu na kukaguliwa rekodi yako. Kiwambo cha sauti si hivyo. Tangu 1934 kimewekwa na sheria ya shirikisho, National Firearms Act, katika kundi moja na bunduki za rashasha na bunduki zilizokatwa mitutu. Sheria hiyo ilikitoza kodi ya dola 200, fedha ambazo wakati huo zilikuwa sawa na zaidi ya dola 4,000 za leo. Nia ilikuwa kumkatisha mtu tamaa, na kiwango hicho hakikuguswa kwa zaidi ya miaka 90. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ndiyo iliyoishusha kodi ya viwambo hadi sifuri, kuanzia 1 Januari 2026.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kilichoondoka ni kodi, usajili haujaondoka. Bado unajaza Fomu 4 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, unatoa alama za vidole na picha, unachunguzwa, na kusubiri idhini. Nakala ya maombi hupelekwa kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako, ingawa tangu Julai 2016 saini yake haihitajiki. Muda wote huo kiwambo ulichokwisha kukilipia kinakaa kwenye kabati la muuzaji. Huruhusiwi kukichukua hata kwa saa moja. Siku kikitoka dukani, hakirudi kama kiatu kisichokutosha, kwa sababu kurudisha au kuuza ni uhamisho mwingine wenye fomu na usajili wake. Duka likifungwa katikati, au likikosea tarakimu moja ya namba ya usajili, anayebaki ameshika risiti ni wewe. Kwa hiyo unamchagua mtu wa kukushikia mali yako na kuandika jina lako kwenye rejesta ya serikali kuu, na hilo ni zito kuliko chapa ya chuma chenyewe.

Ndugu yangu huyu alikuwa na njia tatu mbele yake alipokuja kwangu.

Ya kwanza ilikuwa tangazo lililomfuata kwenye simu: kibomba cha aluminiamu chenye vikombe ndani, bei chini ya dola 100, kinachotumwa nyumbani moja kwa moja kutoka ng'ambo. Maelezo yalisema ni chombo cha kukusanyia dawa ya kusafishia mtutu. Aliniuliza kama ni ujanja halali. Nilimjibu bila kuzunguka: akikibofya tu, anaweza kujikuta na kesi ya jinai ya shirikisho. Sheria haiangalii jina lililobandikwa kwenye kifurushi, inaangalia kitu kimeundwa kwa kazi gani, na hata vipande vilivyokusudiwa kuunda kiwambo vinahesabiwa kuwa kiwambo. Kukutwa nacho bila usajili kunaweza kumletea mtu kifungo cha hadi miaka 10 na faini ya hadi dola 250,000. Maofisa wamewahi kufuata orodha za wanunuzi wa vitu hivi hadi mlangoni kwao. Kwa mwenye uraia hilo ni balaa. Kwa mwenye kadi ya kijani ni balaa juu ya balaa, kwa kuwa kosa la silaha linaweza kumfungulia kesi ya kufukuzwa nchini. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu matangazo hayo yanawafikia watu wetu wengi, na wengi wao huamini kwamba kitu kinachouzwa hadharani lazima kiwe halali.

Kuna na uvumi mwingine niliomsikia akiurudia: kwamba Texas ilipitisha sheria mwaka 2021 inayoruhusu viwambo vilivyotengenezwa ndani ya jimbo bila usajili wa Washington. Sheria hiyo ipo. Lakini sheria ya jimbo haikuondoi mkononi mwa mahakama ya shirikisho, na mimi simshauri mtu yeyote awe wa kwanza kulijaribu hilo kwa mwili wake.

Njia ya pili ilikuwa duka lililo karibu na kazini kwake. Linauza silaha, linakopesha fedha kwa rehani, na kwenye kioo lilikuwa na viwambo vitatu kwa bei ya chini kidogo kuliko kwingine. Tulikwenda pamoja. Nilimwacha yeye aulize, mimi nikasikiliza. Aliuliza kama wana hadhi ya ulipaji kodi maalumu inayomwezesha mwenye leseni ya kuuza silaha kushughulikia viwambo, ile wanayoiita SOT. Leseni ya kawaida peke yake haitoshi, na muuzaji wa kweli hulijua hilo kama anavyojua anwani ya duka lake. Kijana aliyekuwa kaunta alijibu kwamba makaratasi "yanapitia kwa mwenzetu wa mji mwingine". Mwenzao ni nani? Hakusema. Kiwambo kitakaa wapi wakati wa kusubiri? Hapa au kule, itategemea. Maombi yakikataliwa, fedha zinarudi? Akaonyesha kibao cha ukutani: mauzo yote ni ya mwisho.

Kupitisha uhamisho kupitia muuzaji mwingine mwenye hadhi hiyo si kosa. Biashara hii inafanyika hivyo kila siku, kati ya duka na duka. Kosa ni mnunuzi kutojua mali yake iko kwa nani. Na lile la fedha kutorudi ndilo lililonifanya nimguse begani tuondoke. Idhini haiko mikononi mwa mnunuzi wala mwa duka. Duka linalokubebesha hasara yote ya jambo ambalo hata lenyewe haliwezi kukuhakikishia limekwisha kukuonyesha litakavyokutendea mambo yakiharibika.

Njia ya tatu ilikuwa duka la mwendo wa karibu saa moja kwa gari, lenye uwanja wake wa ndani wa kulenga shabaha. Bei ilikuwa juu kidogo. Mama mmoja wa makamo ndiye aliyetuhudumia, na kabla hatujauliza chochote yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Unapiga bastola gani? Mtutu una thredi, yaani mikato ya skrubu ya kufungia kiwambo? Wa kiwandani au wa kununua pembeni? Nani mwingine nyumbani anajua namba za sefu?

Swali la tatu liliokoa fedha. Ndugu yangu alikuwa amekwisha kununua mtutu mrefu wenye thredi, wa Glock wenyewe, na aliamini thredi ni thredi. Yule mama aliuomba, akauweka juu ya kitambaa kaunta, akachukua pistoni ya kawaida inayokuja na viwambo vingi vya Marekani, kile kipande cha nyuma kinachokishika kiwambo kwenye mtutu, na kuijaribu mdomoni mwa mtutu. Ikagoma. Akaigeuza ile pistoni tuone maandishi madogo yaliyochongwa ubavuni, 1/2x28, kisha akatuonyesha mtutu: M13.5x1, tena wa mkono wa kushoto. Kipimo cha kwanza ndicho desturi ya Marekani kwa milimita 9. Cha pili ni cha Ulaya, na Glock huutoa mtutu wake hivyo. Vinakaribiana unene kiasi kwamba macho hayavitofautishi, lakini kimoja hukazwa kwa kuzungusha kulia na kingine kushoto. Mtu akilazimisha, thredi zinaharibika, au kiwambo kinakaa upande na risasi inagonga visahani vya ndani. Dawa yake ni pistoni ya kipimo sahihi, ambayo huuzwa peke yake na hubadilishwa kwa dakika moja. Aliiandika kwenye oda pale pale. Muuzaji asiyeuliza swali hilo angemwachia mnunuzi aligundue siku ya furaha yake, uwanjani.

Maswali yetu aliyajibu kwa karatasi. Alitoa nakala ya leseni ya duka, ambayo mtu yeyote anaweza kuihakiki kwa namba yake kwenye mfumo wa ATF wa mtandaoni uitwao FFL eZ Check. Akatoa na nakala ya stempu ya kodi maalumu ya mwaka huo. Maombi yakikataliwa, duka linarudisha fedha isipokuwa gharama ndogo iliyoandikwa wazi kwenye mkataba. Kiwambo kinakaa kwenye chumba chao cha chuma, na mnunuzi anapewa namba yake ya usajili siku ileile anapolipa, ili ajue ni kipi hasa kilicho chake. Tena, wakati wa kusubiri, anaweza kuja kukitumia kwenye uwanja wao mbele ya mfanyakazi, kwa kuwa hapo bado kiko mikononi mwa duka. Tulipouliza idhini itachukua muda gani alisema kwa sasa wengi wanapata haraka kuliko zamani, ila hatatoa tarehe. Hilo lilinipendeza kuliko yote. Miaka michache iliyopita watu walisubiri miezi minane, tisa, hata zaidi. Baadaye mambo ya kielektroniki yakaharakisha. Lakini muuzaji anayekuapia tarehe anatoa ahadi kwa jambo ambalo haliko mkononi mwake.

Si lazima duka liwe la jirani. Yapo makampuni makubwa yanayofanya kazi hii nchi nzima. Silencer Shop, lililoanzia Austin, huweka mashine zake za alama za vidole kwenye maduka mengi, na Silencer Central la South Dakota hukamilisha mambo kwa njia ya simu na posta na kukuletea kiwambo nyumbani baada ya idhini. Kwa anayeishi mbali na mji ni msaada mkubwa. Kwa mnunuzi wa kwanza ambaye hajui hata thredi ya mtutu wake, mimi bado napendelea kaunta ambapo mtu anaweza kushika chuma chako na kukwambia ukweli.

Swali la sefu ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi, na ndilo ambalo hakuwa amelifikiria kabisa.

Kiwambo kikisajiliwa kwa jina la mtu binafsi, mwenye haki ya kukaa nacho ni yeye peke yake. Mwingine anaweza kukitumia akiwa mbele yake. Sasa, ndugu yangu yuko kazini usiku, sefu iko nyumbani, na mkewe anajua namba za sefu. Kwa sheria, mke aliye peke yake nyumbani na mwenye uwezo wa kukifikia kiwambo kisicho chake anaweza kuhesabiwa kuwa anakimiliki bila usajili. Ndiyo maana watu wa hapa husajili kwa trasti: hati ya udhamini inayomiliki kiwambo, na ndani yake kuna wadhamini kadhaa, kila mmoja akiwa na haki ya kukaa nacho. Tangu kanuni za Julai 2016 kila mdhamini naye hutoa alama za vidole na picha, kwa hiyo si njia ya kumkwepa mtu ukaguzi. Ni njia ya kuwaweka wote wawili ndani ya sheria. Shemeji, yaani mkewe, ana kadi ya kijani, na mkazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki silaha na viwambo sawa na raia. Akawa mdhamini wa pili.

Alitaka pia kumwingiza mpwa wake, kijana anayesoma chuo Arlington. Hapo nilisema hapana. Kijana yuko kwa viza ya mwanafunzi, na sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha au risasi, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda ya jimbo au aangukie kwenye nafasi chache nyingine. Katazo hilo linagusa hata kuishika bastola ya mjomba uwanjani. Najua tunavyopenda kutoka pamoja kama familia mwisho wa wiki, na najua ilivyo vigumu kumwambia mtoto wa dada akae kwenye gari. Lakini kijana huyo akipiga picha ameshika bastola na kuirusha mtandaoni, ameweka masomo yake rehani kwa ajili ya picha.

Na kuna jambo la miraa, ambalo wauzaji wa Kimarekani hawalijui na watu wetu hawalisemi. Fomu utakayojaza siku ya kuchukua kiwambo, Fomu 4473, inauliza kama unatumia dawa zinazodhibitiwa kinyume cha sheria. Bangi inahesabiwa hata pale jimbo linapoiruhusu. Cathinone, kiini cha miraa mbichi, iko kwenye kundi la kwanza la dawa zinazodhibitiwa na serikali ya shirikisho. Anayetafuna kila Jumamosi na kuandika "hapana" anasema uongo kwenye hati ya serikali, na uongo huo peke yake ni jinai. Nilimuuliza ndugu yangu ana kwa ana. Jibu lake lilinitosha, tukaendelea.

Baada ya hayo yote ndipo tukafika kwenye swali lake la kwanza: kipi?

Kwanza tuliondoa matumaini ya uongo. Bastola ya milimita 9 isiyo na kiwambo hutoa mlipuko wa karibu desibeli 160. Kiwambo kizuri huushusha hadi kati ya 125 na 135 hivi. Mpaka unaotajwa na wataalamu wa afya kazini kwa mlipuko mmoja wa ghafla ni 140. Tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila kumi zinazopungua ni nguvu ya sauti kugawanywa kwa kumi. Lakini 130 bado ni kelele. Ule mnong'ono wa kwenye sinema haupo. Nilimsisitizia kwamba mwenye mlio masikioni avae vikinga masikio hata akiwa na kiwambo, hasa uwanja wa ndani ambapo sauti hugonga kuta na kurudi. Na namba za matangazo zisomwe kwa uangalifu: nyingine hupimwa karibu na mdomo wa mtutu, nyingine sikioni mwa mpigaji, na huwezi kulinganisha ya kampuni hii na ya ile bila kujua kipimo kilisimama wapi.

Kiwambo kinashughulikia gesi ya baruti: kinaipa nafasi ya kutanuka na kupoa kabla ya kutoka. Risasi yenyewe hakiigusi. Ikiruka kwa kasi kupita sauti, takriban mita 343 kwa sekunde, itapasua hewa kwa mlio wake wenyewe huko mbele. Risasi ya kawaida ya greni 115 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) mara nyingi hupita mpaka huo. Ya greni 147 kwa kawaida hubaki chini yake. Akinunua kiwambo cha dola mia nyingi kisha akapigia risasi za bei rahisi za greni 115, atabaki akijiuliza fedha zimekwenda wapi.

Ushauri aliousikia kila mahali ni kwamba mnunuzi wa kwanza achukue kiwambo cha .45, risasi nene kuliko ya milimita 9, kwa kuwa kitapitisha na milimita 9. Ushauri huo ulikuwa na akili yake. Kila kiwambo kilipokuwa na kodi ya dola 200 na kungoja karibu mwaka, ilikuwa busara kununua kimoja kikubwa kinachoweza kila kitu. Mwanzoni mwa 2026 kodi ikafutwa, na sioni tena kwa nini mtu mwenye milimita 9 tu abebe tundu la .45. Tundu kubwa huachia gesi zaidi, na chombo chenyewe ni kirefu na kizito. Chukua Rugged Obsidian 45, ambacho ni kiwambo kizuri: kikiwa kizima kina inchi 8.6 na uzito wa karibu gramu 360. Kining'inize mbele ya Glock 19 halafu ushike dakika tano. Kama bastola ya .45 ingekuwa tayari kwenye sefu yake, ningesema vingine.

Mimi nilivutia upande wa .22, risasi ndogo kuliko ya milimita 9. Kiwambo cha .22 ni cha bei nafuu, chepesi, na ndicho kitulivu kuliko vyote kwenye bastola, na shemeji angejifunzia bila kuruka kila mara. Ndugu yangu alikataa, na hoja yake ilikuwa na uzito: hana bastola ya .22, na kinachomuumiza masikio ni ile anayoipiga kila mara. Tukabaki kwenye milimita 9.

Ndani ya kundi hilo kilichoamua ni mambo mawili. La kwanza ni busta. Mtutu wa Glock, kama wa bastola nyingi za leo, huinama kidogo na kurudi nyuma pamoja na slaidi ili kufungua chumba cha risasi. Ukiuwekea uzito mdomoni, unazembea, ganda halitoki vizuri, na bastola inakwama. Busta ni springi na pistoni zilizo nyuma ya kiwambo, zinazouacha mtutu urudi huku bomba likibaki mahali pake kwa sekunde isiyohesabika. Kiwambo cha bastola kisicho na busta hakikumfaa kabisa. Siku akikihamishia kwenye silaha yenye mtutu usiosogea, springi itolewe na kuwekwa kipande kigumu, la sivyo itajigonga hadi iharibike.

La pili ni kama kinafunguka kwa kusafisha, na kama kinafupishwa. Vya .22 ni lazima vifunguke, kwa sababu risasi zake ni za madini tupu (lead) yasiyo na koti, na huacha uchafu mwingi ndani. Kwa milimita 9 yenye koti la shaba si lazima, ila ni raha. Alichagua Rugged Obsidian 9, ambacho kipande chake cha mbele hutoka na kubaki kifupi, na ambacho watengenezaji wake wanakidhamini maisha yake yote. Dhamana nilimwambia aipe uzito kuliko desibeli mbili za kwenye tangazo. Bomba lenye namba ya usajili likiharibika huwezi kwenda kununua jingine tu. Anayeweza kulishughulikia kihalali ni mtengenezaji, na bora awe mtengenezaji anayepokea simu.

Yule mama wa dukani aliongeza kitu kimoja ambacho hakikuwa cha kuuza. Bomba la kiwambo linaziba vilengeo vya kawaida vya Glock, kwa hiyo atahitaji vilengeo virefu au darubini ya nukta nyekundu. Akasema pia kwamba kuna viwambo vilivyoundwa vikining'inia chini ya mstari wa macho, kama Osprey wa SilencerCo, ambavyo havizibi. Ndugu yangu alikuwa tayari na nukta nyekundu, hivyo hakununua chochote. Duka likakosa mauzo na likapata mteja.

Idhini ilipokuja alijaza Fomu 4473, akasaini, akatoka nacho. Kabla ya risasi ya kwanza tulifanya ukaguzi wa lazima: bastola tupu, magazini nje, kiwambo kimekazwa hadi mwisho, kisha tukatazama kwa mwanga kutoka upande wa chumba cha risasi kuona kama tundu la mbele limekaa katikati. Lilikuwa katikati. Baada ya kila magazini alikigusa kwa glavu kuona kama kimelegea, kwa sababu pistoni zina tabia ya kujifungua taratibu kadiri unavyopiga, na kiwambo kilicholegea kikipigwa na risasi hupasuka visahani. Gesi nyingi zaidi hurudi nyuma kuelekea usoni, kwa hiyo miwani ni lazima, na bastola huchafuka upesi. Hayo alikuwa amekwisha kuambiwa, hakushtuka. Nakala ya fomu iliyoidhinishwa inakaa kwenye mkoba wa silaha, ya asili inabaki nyumbani.

Limebaki suala la safari. Majimbo 42 yanaruhusu raia kumiliki viwambo. California, New York, New Jersey, Massachusetts, Illinois, Delaware, Hawaii na Rhode Island hayaruhusu, wala Washington D.C. Ndani ya majimbo yanayoruhusu, kiwambo, tofauti na bunduki iliyokatwa mtutu, hakihitaji kibali cha ATF cha kuvuka mpaka wa jimbo. Kukipeleka nje ya Marekani bila leseni ya usafirishaji kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ni kosa la shirikisho, hivyo kukiweka kwenye sanduku la Nairobi hakuna hata cha kujadili. Ndugu yangu ana binamu zake Lowell, Massachusetts, na wamemwalika Krismasi. Atakwenda kwa ndege bila bastola wala kiwambo. Shemeji anabaki kwa sababu ya kazi, namba za sefu anazo, na jina lake liko kwenye trasti.